Sura ya Saba: Mbona Filamu Haikufuata Kitabu?

Swali hilo husikika kila filamu iliyotokana na riwaya inapomalizika. Huulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekariri majina ya wahusika wote kwa ajili ya mtihani, huulizwa na mwalimu wake, na huulizwa kwa uchungu zaidi na msomaji aliyekipenda kitabu miaka mingi kabla kamera haijafika. Anayepaswa kulijibu ni mtu ambaye jina lake watazamaji wengi hawalisomi: mwandishi aliyeichukua riwaya akaigeuza kuwa filamu. Yeye ndiye aliyeamua nani abaki, nani aondoke, hadithi ianzie wapi na iishie wapi.

Sura hii inaieleza kazi ya mtu huyo tangu anapokishika kitabu mpaka anapolipwa. Mifano mingi ni ya Afrika Mashariki. Panapohitajika mahali pa kufanyia majaribio, zinatumika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako visa ni vingi na filamu za hadithi ni chache mno.

Kazi yenyewe ni ipi

Skripti ni maandishi yanayotumika kutengenezea filamu. Hueleza kile kitakachoonekana na kile kitakachosikika, basi. Hugawanywa katika sini, na sini ni tukio linalofanyika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wahusika wakitoka jikoni kwenda mnadani, sini mpya imeanza. Kwa desturi ya waandishi, ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, hivyo filamu ya saa moja na nusu ni kurasa 90 tu, tena zenye nafasi nyingi nyeupe.

Riwaya ya kurasa 250 zilizojaa maneno haiwezi kuingia humo. Msomaji huchukua siku kadhaa kuimaliza, hurudi nyuma akitaka, huruka kurasa zinazomchosha. Mtazamaji huketi mara moja na hadithi humpita ikienda mbele. Kwa hiyo mwandishi wa filamu huanza kwa kupunguza, na sehemu kubwa ya ujira wake ni malipo ya kujua cha kuacha.

Mfano ulio karibu zaidi ni Vuta N'Kuvute. Riwaya hiyo ya Shafi Adam Shafi ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999 na imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari. Filamu yake ilitoka mwaka 2021 chini ya uongozaji wa Amil Shivji, ambaye aliiandika skripti pamoja na Jenna Cato Bass wa Afrika Kusini. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka huohuo, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa. Kitabu ni kipana: kuna ndoa ya Yasmin, binti wa Kihindi, na mzee Raza, kuna safari ya Mombasa, kuna maisha ya uswahilini kwa rafiki yake Mwajuma, kuna siasa za chinichini za Denge na makachero wa serikali ya kikoloni wanaomwinda. Filamu imeshika zaidi uzi wa Yasmin na Denge, na mengine yamepunguzwa au yamekuwa mazingira ya nyuma. Mwanafunzi anayeingia chumba cha mtihani akiwa ameitazama filamu bila kusoma kitabu atajikwaa, lakini lawama hiyo haiwafikii waandishi wa skripti. Wao hawakuandika mwongozo wa mtihani.

Kwa ufupi: skripti hubeba yanayoonekana na yanayosikika, hupimwa kwa dakika, na kwa sababu hiyo riwaya nzima haiingii.

Watu huingiaje katika kazi hii

Hakuna mlango mmoja. Ruth Prawer Jhabvala, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1927 na kuishi India kwa miaka mingi, alikuwa mwandishi wa riwaya kabla hajawahi kuandika filamu. Mtayarishaji Ismail Merchant na muongozaji James Ivory walipotaka kutengeneza filamu kutokana na kitabu chake The Householder, skripti akaiandika mwenyewe, na filamu ikatoka mwaka 1963. Kuanzia hapo alifanya kazi na wawili hao kwa takribani miaka 40. Mwaka 1975 alipata tuzo ya Booker kwa riwaya yake, kisha Oscar mbili kwa skripti za A Room with a View na Howards End, zote mbili kutokana na riwaya za E. M. Forster. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuchukua Booker na Oscar.

Kurt Luedtke alitokea magazetini. Alikuwa mhariri mkuu huko Detroit, Marekani, akaacha kazi na kugeukia filamu. Skripti yake ya Out of Africa, iliyopigwa picha Kenya na kutoka mwaka 1985, ilimpa Oscar. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa namna ya pekee kwa sababu kitabu cha Karen Blixen, kilichotoka mwaka 1937, ni kumbukumbu zisizo na msuko, yaani mfululizo wa matukio ambamo moja huzaa jingine. Luedtke alilazimika kuutafuta msuko nje ya kitabu, katika wasifu wa Blixen ulioandikwa na Judith Thurman na katika kitabu cha Errol Trzebinski kumhusu Denys Finch Hatton. Alichokipata ni mapenzi ya Wazungu wawili chini ya milima ya Ngong. Wakikuyu wa shambani, ambao kitabuni wana sura zao, kwenye filamu wamesogezwa pembeni. Huo nao ulikuwa uamuzi wa mwandishi, na ndio ulioizeesha filamu ile mapema.

Wengine huandika na kuongoza wenyewe. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyewahi kuwa kuli katika bandari ya Marseille, alichapa riwaya kwanza. Alipoona kwamba watu anaowaandikia wengi hawasomi Kifaransa, alikwenda Moscow kujifunza filamu, kisha akazigeuza hadithi zake mwenyewe. Riwaya ya Xala ilitoka mwaka 1973, na filamu ikafuata mwaka 1975. Wanuri Kahiu wa Kenya hakuwa na riwaya mkononi bali hadithi fupi, Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Akishirikiana na Jenna Cato Bass yuleyule, aliitoa hadithi hiyo Kampala na kuipeleka Nairobi, akawabadili wahusika majina, na filamu ya Rafiki ikafika Cannes mwaka 2018. Hadithi fupi humpa mwandishi shida iliyo kinyume na ile ya riwaya, kwani hapo ni lazima aongeze.

Kwa kijana wa Mugumu wilayani Serengeti au wa Nyamwaga wilayani Tarime njia za masomo zipo, ingawa zote zinahitaji nauli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho na filamu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, inatoa mafunzo ya vitendo. Na Maisha, kituo kilichoanzishwa na Mira Nair mjini Kampala mwaka 2004, kimeendesha warsha za uandishi wa skripti kwa vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Tamasha la filamu la Zanzibar, linalofanyika tangu mwaka 1998, ni mahali pa kukutana na watayarishaji ana kwa ana. Kuna jambo la ramani ambalo watu wa Tarime wanalijua na wa Dar es Salaam hulisahau: kutoka Sirari, mpakani na Kenya, hadi Nairobi ni karibu kilometa 400, wakati Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilometa elfu moja. Mwandishi wa Tarime anayetafuta mtayarishaji hana sababu ya kuupa mpaka mgongo.

Kitabu hupatikana wapi

Mtu anayetaka kuandika filamu kutokana na riwaya huishi kwa kusoma. Husoma vitabu vingi visivyofaa ili apate kimoja. Kinachofaa si lazima kiwe bora kuliko vyote. Riwaya inayopendeza kwa sababu ya lugha yake peke yake, au kwa mawazo ya msimulizi, huweza kukauka kabisa ikifika kwenye kioo. Kinachotafutwa ni mtu anayetaka kitu, kizuizi kilicho mbele yake, na muda unaomwishia.

Chukua riwaya kubwa ya ukanda wa ziwa, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kitereza aliimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, muda mfupi kabla hajafariki. Ni kitabu kirefu sana kinachopita vizazi viwili, kimejaa kilimo, uvuvi, tiba, ndoa na misiba. Kwa haraka haraka mtu angesema hakigeuziki. Lakini mwanzoni mwake kuna filamu iliyo tayari. Mume na mke wanaopendana hawajabahatika kupata mtoto aliye hai. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume anataka mke wake arudi, na wakwe wanamtoza mitungi ya pombe ya ndizi. Mtu, kizuizi na deni vimekamilika. Mwandishi mwenye busara angeishia hapo na kuviacha vizazi vilivyofuata vibaki kitabuni.

Rafu nyingine ni ile ya shule. Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari nchini wamesoma Unanswered Cries ya Osman Conteh wa Sierra Leone, inayomhusu Olabisi, msichana wa miaka 14 anayekataa kukeketwa wakati mama yake mwenyewe anataka afanyiwe hivyo. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam hiyo ni mada ya mtihani. Kwa wa Tarime au Serengeti ni Desemba. Katika koo kadhaa za Wakurya ukeketaji hufanyika kila baada ya miaka miwili, wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka, ingawa sheria ya mwaka 1998 imeukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Wasichana wanaokimbia hupokewa katika nyumba salama za Mugumu na kituo cha Masanga.

Mwandishi anayefikiria kuihamishia hadithi hiyo Mara, kwa idhini ya wenye haki, atagundua kwamba mahali panampa kitu ambacho kitabu hakina, nacho ni kalenda. Shule inafungwa lini? Ngoma zinaanza lini? Nyumba salama iko umbali gani kwa miguu, na mto umejaa au haujajaa? Hadithi hupata saa ya kuihesabia, na mtazamaji huanza kuhesabu pamoja na msichana. Aidha, kizuizi hubadilika sura. Mila za Wakurya zina baraza la wazee na mkutano wa jamii uitwao ritongo, ambako mambo huamuliwa hadharani. Hilo ni zawadi kwa kamera, kwa maana uamuzi unaofanyika kichwani mwa mzazi haupigiki picha, lakini uamuzi unaofanyika chini ya mti mbele ya watu unapigika.

Tuzo za fasihi nazo zimekuwa rafu mpya. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023 na inayobeba jina la mtu wa Butiama, huleta sokoni riwaya ambazo bado hazijasomwa na watayarishaji. Huko ndiko mwandishi wa skripti asiye na mtaji anaweza kufika kabla ya wengine.

Haki kabla ya kalamu

Hapa ndipo wanaoanza huanguka. Mtu hukipenda kitabu, huandika skripti mwaka mzima, kisha hugundua kwamba haki imeshauzwa au mwenye haki hataki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mwandishi wa kitabu haki ya kuamua nani akigeuze kuwa kazi ya aina nyingine, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ofisi inayosimamia Tanzania Bara ni COSOTA; Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA.

Hesabu yake ni nyepesi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo miaka 50 ilitimia 2012, na Kusadikika, iliyotoka akiwa hai, inaweza kugeuzwa bila kununua haki. Kitereza alifariki 1981, kwa hiyo kitabu chake kinalindwa hadi 2031. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika, alifariki Januari 2020, na anayetaka riwaya hiyo bila kuzungumza na warithi itambidi angoje hadi 2070.

Haki ya kitabu kinacholindwa mara nyingi hainunuliwi moja kwa moja. Mtayarishaji hulipa kwanza kiasi kidogo ili mwenye kitabu asimuuzie mtu mwingine kwa muda maalumu, mara nyingi mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Katika viwanda vikubwa vya filamu desturi ni karibu asilimia 10 ya bei kamili. Muda huo hutumika kuandika skripti na kutafuta fedha. Fedha zikipatikana, bei kamili hulipwa. Zisipopatikana, haki humrudia mwenyewe na malipo ya kwanza hayarudishwi. Kabla ya kusaini, mambo haya huulizwa:

– Haki ya filamu iko kwa mwandishi au aliiacha kwa mchapishaji katika mkataba wa kitabu?
– Mkataba unahusu filamu moja tu, au pia tamthilia ya televisheni na sehemu ya pili?
– Unahusu lugha zote na nchi zote?
– Mwandishi wa riwaya ana haki ya kusoma skripti, na akiikataa nini kinafuata?
– Jina lake litaandikwa wapi?

Swali la nne husababisha ugomvi mwingi kuliko mengine yote. Ni afadhali liulizwe mapema, kwa adabu, kabla rasimu ya kwanza haijaandikwa. Mwandishi wa riwaya aliyetembelewa nyumbani, akasikilizwa na kuelezwa kwa nini sura fulani haitakuwepo, kwa kawaida hulegeza. Anayekutana na mabadiliko ukumbini hukasirika, na ana haki.

Kuacha, kuunganisha, kuonyesha

Baada ya haki, mwandishi hukisoma kitabu tena akiwa na karatasi. Huandika kila tukio kwenye kadi yake, huzipanga sakafuni au ukutani, kisha huanza kuondoa. Kutokana na kadi zilizobaki hutengeneza muhtasari wa kurasa chache unaosimulia filamu nzima bila mazungumzo. Muongozaji na mtayarishaji hugombana juu ya muhtasari huo, na ni vizuri wagombane hapo kwa kuwa karatasi ni rahisi kuliko siku ya kupiga picha.

Kuunganisha wahusika ni mbinu ya pili. The Last King of Scotland, riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, inasimuliwa na daktari wa kubuni kutoka Scotland aliyejikuta karibu na Idi Amin. Peter Morgan na Jeremy Brock walipoiandika filamu, iliyotoka 2006, walimbebesha daktari huyo uhusiano wa kimapenzi na Kay, mmoja wa wake wa Amin, jambo ambalo katika historia lilihusishwa na daktari wa Kiganda. Kwa filamu, faida yake ni kubwa: mtu aliyekuwa akitazama tu sasa ana hatia na ana sababu ya kuogopa. Kwa historia, hasara yake pia ni kubwa, kwa maana Mganda mwenye kisa chake alipotea na nafasi yake ikachukuliwa na Mzungu ambaye hakuwahi kuwepo. Mwandishi anayeunganisha wahusika hujiuliza ni nani anafutwa.

Mbinu ya tatu, na ngumu kuliko zote, ni kuyatoa mawazo ya ndani. Tuseme riwaya fulani ya kubuni, inayotokea Tarime, ina sentensi kama hizi: Tangu alfajiri Bhoke alihisi kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa bila yeye. Moyo ulimwambia baba yake amewapokea watu wa upande wa pili na ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa. Msomaji anaelewa mara moja. Kamera haioni kitu, kwa sababu hisia na moyo havina picha. Skripti itafanya hivi:

NJE. BOMA LA MZEE MARWA – ALFAJIRI

Bhoke (15) anatoka nyumbani na ndoo. Anafika kwenye zizi, anasimama. Kati ya ng'ombe wa nyumbani wamo wageni, wana alama nyingine masikioni. Anawahesabu kwa macho. Mama yake anafagia uwanja.

BHOKE
Shikamoo, mama.

MAMA
(bila kuinua kichwa)
Marahaba. Wahi mtoni, jua linapanda.

BHOKE
Hawa ng'ombe ni wa nani?

Mama anafagia palepale alipokwisha kufagia.

Hakuna aliyetaja mahari wala ndoa. Mtazamaji wa Mara ataelewa kwa alama za masikio, na mtazamaji wa mbali ataelewa kwa ufagio. Sauti ya msimulizi inayoeleza mawazo ya Bhoke ingeokoa muda, na waandishi wavivu huikimbilia. Inafaa pale tu inaposema jambo ambalo picha inalipinga.

Lugha ya wahusika

Riwaya ya Kiswahili huweza kumfanya mzee wa Kikurya azungumze Kiswahili safi ukurasa hadi ukurasa bila msomaji kulalamika. Kwenye filamu sikio hukataa. Mwandishi wa hadithi ya Tarime au Serengeti huamua mapema: wazee katika ritongo wazungumze Kikurya na maandishi ya Kiswahili yapite chini ya picha, wanafunzi na mwalimu wao wazungumze Kiswahili, mfanyabiashara wa Sirari achanganye na Kiswahili cha Kenya. Serengeti ina pia Waikoma, Wangoreme, Wanata na Waisenye, na mtazamaji wa huko atatambua sini ya kwanza tu kama lahaja imekosewa. Ni heri kumlipa mtu wa mahali hapo asome mazungumzo kuliko kuyakisia.

Vivyo hivyo kwa mila. Nyumba ntobhu, ndoa ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili amzalie warithi, imewavutia waandishi wengi wa kutoka nje. Skripti inayoiweka kama kioja hufa mapema. Ikiwekwa kama mpango wa mali, uzee na upweke wa watu wawili wanaoishi boma moja, ina nguvu ya filamu nzima.

Mahali na vibali

Dunia imeiona Serengeti sana, lakini kwa wanyama. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa kitabu na filamu vyenye jina moja, Serengeti Shall Not Die, mwaka 1959. Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari mwaka huo kabla kazi haijatoka, na filamu ikapata Oscar ya filamu ya hali halisi. Karibu miaka 60 baadaye, In the Name of Your Daughter ya Giselle Portenier iligeuza kamera kuelekea wasichana wa nyumba salama ya Mugumu, lakini hiyo nayo ni filamu ya hali halisi.

Mwandishi hafuati vibali mwenyewe, ila maandishi yake ndiyo yanayopelekwa. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, anayetaka kutengeneza filamu huomba kibali Bodi ya Filamu, na ombi huambatana na maelezo ya sini na maneno yatakayosemwa. Sini moja ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huongeza kibali cha shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, na gharama zake, hivyo mwandishi mwenye kujali bajeti huuliza kama sini hiyo haiwezi kuchezwa nje ya mpaka wa hifadhi, ambako nyasi ni zilezile. Na bodi huweza kukataa kazi iliyokamilika. Rafiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2018, kisha mahakama ikaifungulia kwa siku saba tu.

Jina na malipo

Malipo ya skripti hugawanywa kwa hatua: kusaini, rasimu ya kwanza, marekebisho, na siku ya kwanza ya kupiga picha. Mkataba mzuri hutaja idadi ya marekebisho, kwani bila kikomo mwandishi hujikuta akiandika rasimu ya tisa kwa pesa ya rasimu ya pili. Afrika Mashariki malipo mengi ni ya mara moja. Asilimia ya mapato ni ya kudaiwa mezani. Filamu nyingi za Bongo za enzi za kanda na diski zilipigwa kwa muhtasari tu, waigizaji wakijazia maneno wenyewe, na mazoea hayo bado yanawafanya watayarishaji wengine waone skripti kama gharama isiyo ya lazima.

Kwenye kioo huandikwa majina mawili: aliyeandika skripti, na aliyeandika riwaya ambayo skripti imetokana nayo. Waandishi wanapokuwa wawili au watatu, mpangilio wa majina huamuliwa kwenye mkataba, si kwenye chumba cha uhariri. Skripti yenyewe ni kazi yenye hakimiliki yake, na mwandishi huisajili COSOTA kabla ya kuisambaza.

Kati ya filamu moja na nyingine huweza kupita miaka. Wengi hujikimu kwa tamthilia za televisheni, ambazo tangu Maisha Magic Bongo ianze mwaka 2015 na chaneli za Azam zikue, zimekuwa mwajiri mkubwa kuliko sinema. Huko kazi huandikwa na kundi, kwa haraka, na kipindi kimoja hudai kingine wiki inayofuata. Kwa vitabu vipana kama cha Kitereza, vipindi 13 vya dakika 45 vina nafasi ambayo filamu ya dakika 90 haina: vizazi vyote viwili, pamoja na uvuvi na misiba, vingeingia.